Kutoka kiwanda cha sufu hadi uwaziri mkuu: Surat Huseynov na jeshi ambalo halikuwa la Azerbaijan

Tarehe 30 Juni 1993 Azerbaijan ilipata waziri mkuu ambaye miaka miwili kabla yake hakuwa na jina nje ya eneo alilofanyia kazi. Surat Huseynov alikuwa na umri wa miaka 34, na kazi iliyompa uwezo ilikuwa ukurugenzi wa kiwanda cha kusindika sufu katika mji wa Yevlakh. Pamoja na cheo hicho alikabidhiwa usimamizi wa wizara ya ulinzi, ya mambo ya ndani na ya usalama wa taifa, yaani bunduki zote za nchi ziliwekwa chini ya mkono mmoja. Wiki nne tu zilikuwa zimepita tangu serikali ileile itume askari kwenda kumnyang'anya silaha.

Wanaosimulia kisa hiki kwa kawaida hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linamwona Huseynov kuwa kibaraka wa Moscow, mtu aliyesukumwa na majenerali wa Urusi ili kuiangusha serikali iliyowaudhi. Kundi la pili, na hili ndilo kubwa zaidi Azerbaijan kwenyewe, linamwita msaliti na linaishia hapo. Sikatai kwamba mkono wa Urusi ulikuwapo, wala sina nia ya kumsafisha mtu aliyeondoa askari wake kwenye vita vya Nagorno-Karabakh dhidi ya Waarmenia wakati wananchi wenzake walikuwa bado kwenye mstari wa moto. Ninachosema ni kwamba maelezo yote mawili yanaanza hadithi katikati. Kabla Huseynov hajaigeuzia mtutu Baku, mji mkuu wa nchi, Baku ilikuwa imemkabidhi vita vyake. Dola lilishindwa kuunda jeshi, likamwachia mtu binafsi alilipie, kisha likashangaa kuona kwamba askari wanamtii yule anayewalipa.

Nagorno-Karabakh lilikuwa jimbo lenye mamlaka ya ndani katika Azerbaijan ya Kisovyeti, na kiasi cha robo tatu ya wakazi wake walikuwa Waarmenia. Mwezi Februari 1988 baraza la jimbo liliomba lihamishiwe Armenia, Moscow ikakataa, na kuanzia hapo damu ikamwagika pande zote mbili, majirani wakifukuzana kutoka miji waliyoishi pamoja kwa vizazi. Mwishoni mwa mwaka 1991, Muungano wa Kisovyeti ukiwa unasambaratika, Waarmenia wa Karabakh walipiga kura ya maoni na kujitangazia uhuru. Ugomvi wa mipaka ya ndani ukawa vita kamili.

Katika vita hivyo Azerbaijan iliingia ikiwa na mafuta, watu wengi zaidi na eneo kubwa zaidi, lakini haikuwa na jeshi. Rais Ayaz Mutalibov, mwana wa chama aliyezoea kungoja amri kutoka juu, aliamini kwa muda mrefu kwamba askari wa Kisovyeti wangemlinda dhidi ya wanaotaka kujitenga, na alihofia kwamba jeshi la taifa lingeangukia mikononi mwa wapinzani wake wa Popular Front, vuguvugu la wazalendo lililoongozwa na Abulfaz Elchibey. Isitoshe, enzi za Kisovyeti vijana wengi wa Kiazeri walipoitwa jeshini walipelekwa kwenye vikosi vya ujenzi, wakashika sepetu badala ya bunduki, na ndiyo maana nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa maofisa wenye ujuzi wa vita. Sheria ya kuunda jeshi la taifa ilipitishwa Oktoba 1991, lakini sheria haijazi kambi.

Kambi zilijazwa na kila aliyeweza. Vyama vya siasa viliunda vikosi vyao, wanasiasa wakakusanya vijana wa maeneo yao, na wizara ya mambo ya ndani ikawa na jeshi lake mbali na la wizara ya ulinzi. Kikosi kimoja kiliweza kushambuliwa huku kingine, umbali wa kilometa chache, kikikataa kusogea kwa sababu kamanda wake hakuwa na maelewano na kamanda wa kile cha kwanza. Matokeo yake yalikuwa ya kutisha. Mwishoni mwa Februari 1992 mamia ya raia wa Kiazeri waliuawa walipokuwa wakikimbia mji wa Khojaly, Mutalibov akalazimika kujiuzulu, na mwezi Mei miji ya Shusha na Lachin ikaanguka, moja baada ya nyingine, ndani ya siku kumi hivi.

Hapo ndipo Yevlakh inapoingia. Ni mji wa tambarare kando ya mto Kura, kwenye njia ya reli kati ya Baku na Tbilisi, na kutoka hapo tawi la reli lilikuwa likielekea kusini-magharibi kupitia Barda na Aghdam hadi Karabakh kwenyewe. Sufu ni mali ya mifugo, na mifugo ya tambarare hizo ilizoea kupandishwa milimani majira ya joto na kurudishwa bondeni baridi ilipokaribia, kwa hiyo anayekusanya sufu hufahamiana na wafugaji, madereva, wakuu wa mashamba ya ushirika na maofisa wa wilaya. Tena kiwanda cha Kisovyeti kilikuwa na vitabu viwili. Kimoja kilionyesha malengo ya mpango wa serikali, na cha pili kiliishi kichwani mwa mkurugenzi: sufu iliyozidi, sufu isiyoandikwa, sufu iliyobadilishwa kwa petroli au kwa fadhila. Mkurugenzi aliyejua kuendesha vitabu hivyo viwili alikuwa na kitu ambacho wizara ya ulinzi mjini Baku haikuwa nacho, yaani fedha taslimu na mtandao wa watu waliozoea kumsikiliza.

Huseynov alizitumia fedha hizo kununua silaha na kulipa wapiganaji. Mjini Ganja, mji wa pili kwa ukubwa nchini na mahali alikozaliwa, kulikuwa na kambi kubwa za askari wa Urusi waliorithiwa kutoka jeshi la Kisovyeti, watu ambao mishahara yao ilikuwa imegeuka karatasi na ambao ghala zao zilikuwa bado zimejaa. Silaha zilipata bei, na si silaha peke yake. Mashambulizi ya Azerbaijan ya kiangazi cha 1992 yalisaidiwa na madereva wa vifaru na wapiga mizinga wa Kirusi waliokodishwa, jambo linalokubaliwa leo na karibu wote walioichunguza vita hiyo. Na tuwe wakweli, wakati huo hakuna aliyelalamika mjini Baku. Abulfaz Elchibey, msomi wa lugha na historia za Mashariki aliyewahi kufungwa na Wasovyeti kwa maoni yake, na ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi ya ukalimani wa Kiarabu nchini Misri, alikuwa ndiyo kwanza ameshinda urais Juni 1992. Alihitaji ushindi vitani, na ushindi ukaja.

Ulianza tarehe 12 Juni upande wa kaskazini mwa Karabakh, na mapema Julai mji wa Mardakert, ambao Waazeri huuita Aghdara, ulikuwa umetekwa. Maelfu ya Waarmenia walikimbia vijiji vyao kuelekea kusini. Hadi mwisho wa kiangazi Azerbaijan ilikuwa imekaribia kushika nusu ya eneo lililobishaniwa, na jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa la mkurugenzi wa kiwanda. Elchibey alimpa cheo cha Shujaa wa Taifa, akamfanya naibu waziri mkuu na mjumbe maalumu wa rais kwa ajili ya Karabakh. Kikosi chake kilipewa namba rasmi, Brigedi ya 709.

Namba hiyo ndiyo ninayoiona kuwa kosa kubwa kuliko yote. Kwa kumpa Huseynov namba ya brigedi, serikali ilijidanganya kwamba imeshapata brigedi. Askari walibaki walewale, waliosajiliwa na mtu yuleyule, waliolishwa na kuvishwa kutoka mfuko uleule. Kilichobadilika ni maandishi ya barua. Serikali haikuwahamisha maofisa wake, haikuwapeleka wapiganaji hao kwenye kambi nyingine, wala haikuwachukulia malipo yao na kuyaweka chini ya hazina ya taifa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri, na Elchibey aliivaa mbele ya taifa zima akiamini ni yake.

Majira ya baridi yalipofika, upepo ukabadilika. Waarmenia walijipanga upya, njia ya Lachin ikiwa wazi kuwaletea msaada kutoka Armenia, wakaanza kurudisha maeneo waliyopoteza. Lawama zilihitaji mtu wa kuzibeba. Baku ilimlaumu Huseynov, Huseynov akailaumu Baku kwa kumnyima silaha na askari, na mshirika wake mkubwa serikalini, waziri wa ulinzi Rahim Gaziyev, akaondolewa Februari 1993. Huseynov akaitikia kwa namna ambayo ni mwenye jeshi binafsi tu anayeweza kuitikia: aliwaondoa watu wake mstari wa mbele na kuwarudisha Ganja. Elchibey alimvua vyeo vyote. Hata hivyo, brigedi hakuweza kuivua, kwa kuwa haikuwa yake tangu mwanzo.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu simulizi nyingi za siasa za Baku zinapita haraka kwenda kwenye mapinduzi. Mwishoni mwa Machi 1993 majeshi ya Kiarmenia yalishambulia wilaya ya Kelbajar, iliyokuwa nje ya mipaka ya Nagorno-Karabakh, kati ya jimbo hilo na Armenia. Wilaya hiyo iliangukia mikononi mwao katika siku za mwanzo za Aprili, na watu kiasi cha 60,000, Waazeri na Wakurdi, wakalazimika kuondoka. Njia nyingine zikiwa zimefungwa, wengi walipanda kwa miguu mlima Murov, kwenye mapito yenye urefu wa zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, theluji ikiwa bado haijayeyuka. Wazee na watoto waligandia njiani. Waliofaulu kuvuka waliteremka upande wa Ganja, mji uleule ambamo askari waliopaswa kuwa wakilinda milima hiyo walikuwa wamekaa kambini wakingoja ugomvi wa wakubwa uishe. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 822 tarehe 30 Aprili likitaka Kelbajar iachwe. Haikuachwa.

Sisemi kwamba Brigedi ya 709 ingeiokoa Kelbajar peke yake. Ulinzi wa wilaya ile ulikuwa umeoza kwa sababu nyingi. Lakini kamanda aliyeondoa askari vitani ili kuwatumia kama hoja ya kisiasa hawezi kukwepa sehemu yake ya theluji ile, na serikali iliyomwezesha kufanya hivyo haiwezi kukwepa yake.

Mwishoni mwa Mei 1993 Divisheni ya 104 ya askari wa miavuli wa Urusi iliondoka Ganja, takriban mwaka mmoja kabla ya muda uliotarajiwa, na sehemu kubwa ya silaha zake ikabaki mikononi mwa Huseynov. Hapa ndipo wanaoamini nadharia ya kibaraka wanapopata ushahidi wao mzito. Elchibey alikuwa ameelemea Uturuki, alikataa kuiingiza nchi katika Jumuiya ya Madola Huru, umoja wa nchi zilizokuwa za Kisovyeti, na alikuwa akijadiliana na kampuni za mafuta za Magharibi. Moscow ilikuwa na kila sababu ya kumtakia mabaya. Nami nakubali kwamba bila silaha zile Huseynov asingesonga mbali. Ila silaha zinahitaji mtu wa kuzipokea, na mtu huyo hakutengenezwa Moscow. Alitengenezwa Yevlakh na kupambwa nishani Baku.

Tarehe 4 Juni serikali ilijaribu kumnyang'anya silaha kwa nguvu. Askari wa serikali walishambulia kambi ya brigedi mjini Ganja, makumi ya watu wakauawa, na shambulio likashindwa. Mamia ya askari wa serikali walikamatwa, na mwendesha mashtaka mkuu wa nchi, aliyekuwa amefika Ganja, akajikuta miongoni mwa mateka. Sioni picha inayoeleza hali ya dola hilo vizuri kuliko hii: mtu ambaye kazi yake ni kuwashtaki waasi ameketi chini ya ulinzi wa waasi.

Safari ya kwenda Baku, kilometa zaidi ya 300, ilifanyika karibu bila mapigano. Mji baada ya mji ulimpisha. Waziri mkuu alijiuzulu, kisha spika wa bunge, na katika kutapatapa Elchibey akamwomba Heydar Aliyev arudi kutoka Nakhchivan, kipande cha Azerbaijan kilichotengwa na nchi iliyobaki, aje kuokoa jahazi. Aliyev alikuwa na miaka 70, jenerali wa zamani wa KGB, idara ya ujasusi ya Kisovyeti, mtawala wa Azerbaijan ya Kisovyeti kuanzia mwaka 1969 hadi 1982, na baadaye mmoja wa wakubwa wa chama huko Moscow kabla ya kuondolewa enzi za Gorbachev. Tarehe 15 Juni alichaguliwa spika. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Elchibey alipanda ndege kimyakimya na kukimbilia kijiji alikozaliwa, Keleki. Huseynov aliyefungua mlango kwa bunduki akakuta kiti kimeshakaliwa.

Wengi humsifu Aliyev kwa ujanja wa wiki zile, na kwa kweli alikuwa mwanasiasa wa daraja jingine kabisa. Alimpa mwenye jeshi uwaziri mkuu, akajitwalia urais wa muda, na Oktoba akapata urais kamili kwa kura zilizotangazwa kuwa zaidi ya asilimia 98. Lakini sifa hizo zinasahau gharama. Wakati wawili hao wakigawana madaraka, mstari wa mbele ulibaki bila mwenyewe. Vikosi vya kujitolea vilivyohesabiwa kuwa vya Popular Front, 33 kwa idadi, vilivunjwa kwa sababu uaminifu wao kwa mtawala mpya ulitiliwa shaka. Mardakert ilipotea Juni 27, siku tatu kabla ya Huseynov kuthibitishwa. Aghdam, mji uliokuwa na makumi ya maelfu ya watu, ulianguka tarehe 23 Julai, Fuzuli na Jabrayil Agosti, Qubadli mwisho wa mwezi huohuo, Zangilan Oktoba. Mtu aliyeahidi kuikomboa Karabakh alikuwa na wizara zote za ulinzi na usalama mkononi mwake, na katika miezi minne ya kwanza ya uongozi wake nchi ilipoteza, nzima au kwa sehemu, wilaya tano zisizokuwa hata sehemu ya Karabakh iliyobishaniwa.

Kwa nini? Jibu langu ni kwamba jeshi la mtu binafsi linajua kupigania mtu huyo, na halijui kazi nyingine. Lilikuwa hodari kiangazi cha 1992 kwa sababu ushindi ulimpandisha mwenye nalo. Lilikuwa hodari Juni 1993 kwa sababu hiyohiyo. Kushikilia mtaro kijijini, usiku wa baridi, bila sherehe wala cheo kwa kiongozi, ni kazi inayohitaji taasisi: mshahara unaofika kila mwezi, ofisa anayebadilishwa kwa zamu, mahakama ya kijeshi, bohari yenye vitabu vya kweli. Hayo ndiyo mambo ambayo sufu ya Yevlakh haikuweza kuyanunua.

Azerbaijan haikuwa peke yake. Nchini Georgia, Jaba Ioseliani na Tengiz Kitovani, kila mmoja na wanamgambo wake, walimwondoa Rais Zviad Gamsakhurdia Januari 1992, na Agosti mwaka huohuo Kitovani akaingia na askari Sukhumi na kuwasha vita vya Abkhazia. Hata Waarmenia wa Karabakh, ambao mapema zaidi waliwaweka wapiganaji wao chini ya amri moja na kwa hilo wakashinda vita ile, hawakulikwepa tatizo hilo moja kwa moja. Kamanda wao Samvel Babayan aligeuka mwenye nchi baada ya vita, akagombana na Rais Arkadi Ghukasyan, na rais huyo alipopigwa risasi Machi 2000 akanusurika, Babayan ndiye aliyehukumiwa kifungo cha miaka 14. Na mwaka 2023, miaka 30 kamili baada ya Huseynov kuelekea Baku, Yevgeny Prigozhin aliwageuza wapiganaji wa jeshi lake binafsi la Wagner kutoka Ukraine na kuelekea Moscow. Urusi, iliyonufaika na mtu wa namna hiyo kwa jirani yake, ilikuwa imemlea wa kwake.

Anguko la Huseynov lilikuwa la haraka. Tarehe 20 Septemba 1994 Azerbaijan ilitia saini mkataba mkubwa wa mafuta na kampuni za kigeni. Siku chache baadaye naibu spika aliuawa, vurugu zikazuka Baku, na mwanzoni mwa Oktoba waliomuunga mkono Huseynov walishika majengo ya serikali Ganja. Aliyev aliwaita wananchi kwa televisheni usiku waje kuilinda ikulu, nao wakaja. Waziri mkuu akafutwa kazi na kukimbilia Urusi, nchi ambayo mwaka 1997 ilimrudisha akiwa amefungwa pingu. Februari 1999 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2004 akasamehewa na Rais Ilham Aliyev, mtoto wa yule aliyemfunga. Alifariki dunia mwaka 2023, akiwa ameiona Azerbaijan ikirudishiwa Aghdam na Kelbajar mwaka 2020 baada ya ushindi wa jeshi la serikali, safari hii Waarmenia wakiwa ndio wanaofunga virago.

Alipotoka gerezani mwaka 2004, wakimbizi wa ndani kutoka wilaya zilizopotea walikuwa bado kwa mamia ya maelfu. Wengine waliishi madarasani, wengine kwenye mabweni ya wanafunzi, na huko Barda zilikuwapo familia zilizokuwa zikiishi ndani ya mabehewa ya mizigo kwa miaka zaidi ya kumi, jiko mlangoni, kamba ya nguo ikiunganisha behewa na behewa. Mabehewa hayo yalisimama kwenye reli ileile itokayo Yevlakh kwenda Aghdam.